Mkono wa Ami

Nikisikia harufu ya ubani, mwili hunisisimka. Ami yangu alirudi Changamwe kutoka vitani Burma bila jeraha, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Bibi alifukiza ubani amtoe pepo. Babu alishuku hila ya kukwepa kurudishwa jeshini. Ya majirani siyasimulii. Haya niliyaona mwenyewe.

Babu alitwaa kaa jekundu chetezoni kwa koleo, akaliweka juu ya mkono ule. "Kama wahadaa watu, utaruka."

"Sina la kukuhadaa, baba."

Ngozi ilifuka moshi. Ami alitazama tu, kana kwamba mkono ni wa jirani. "Mwenzangu alikata roho juu ya mkono huu," akasema. "Tangu siku ile siusikii."

Aliyepiga ukelele ni babu, akaliondoa kaa kwa vidole vyake mwenyewe.