Shali ya Anastasia

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo zilizoanikwa jana bado zinachuruzika.

Fundi cherehani wa mtaa wetu jana alifunga kibanda mapema, akaenda hospitali kumwona dada yake, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Mkononi alibeba chupa ya chai. Moyoni alibeba jina la Anastasia.

Lilikuwa jina la bibi yao. Bibi alizaliwa kimya, wakamfunika wakijua ndiyo basi. Mkunga, mtawa mmoja wa makamo, akamfunua, akampulizia pumzi mpaka akalia, kisha akampa jina hilo la kale la Kigiriki, maana yake aliyefufuka. Dada aliposhika mimba ya kwanza alisema jina la bibi ni la mwanawe, na fundi mwenyewe akalitarizi kwenye shali nyeupe kwa uzi wa samawati. Mimba ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Shali ikabaki kabatini kwa fundi, maana dada hakutaka hata kuiona.

Miaka mitatu iliyopita fundi akapata binti. Muuguzi alipouliza jina, likamtoka lile lile, na shali ile ile akamfunika nayo. Dada alikuja kutoa pongezi, akampakata mtoto. Lakini hajawahi kumwita kwa jina. Husema tu, "Mgeni hajambo?"

Wodini, mama wa kitanda cha jirani alikuwa akitania: "Jamani, mtoto hana jina mpaka leo! Tumwite Kitanda Namba Nne?" Dada akacheka huku ameshikilia mshono wa tumboni.

Fundi akaketi ukingoni. "Dada, mpe la bibi. Wa kwangu nitambadilishia."

"Utambadilishia? Kwani yule ni redio, unazungusha tu kituo?"

"Nilikukosea."

"Ulinikosea, ndiyo." Akamfunika kichanga miguu. "Lakini mwanao akiitwa anageuka. Huyu nitamtafutia lake. Mimi nataka shali yangu."

"Imechakaa. Nitakutengenezea mpya."

"Mdogo wangu, sijaomba mpya."

Nyumbani, fundi aliiloweka shali kwenye beseni. Binti yake, ambaye hulala ameishikilia puani, akachuchumaa kando.

"Mama, ikikauka nitalala nayo?"

"Leo lala na shuka langu."

"Shuka lako linanuka mafuta ya cherehani!"

Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Leo asubuhi pindo zilikuwa bado mbichi. Fundi akaipiga shali pasi mpaka ikakauka, akaikunja herufi za samawati zikiwa kwa ndani, akamwomba jirani aje kukaa na mtoto, akatoka nayo kwenda hospitali kabla binti hajaamka.