Mshale Uliomkataa Mama Pasi

Mama Pasi hakuwa mtu wa kubabaishwa na chombo. Ameishika pasi ya mkaa tangu bintiye ananyonya, akaungua, akapona, akaungua tena palepale. Mtaa mzima unamwita hivyo, na jina alilopewa na wazazi wake sijui kama hata yeye bado analiitikia. Mpelekee shati lililojikunja vipi, litarudi limenyooka hadi uone haya kulivaa. Lakini asubuhi ile, jamani, alisimama mbele ya kompyuta jasho linamtiririka, na kishale kidogo cheupe kinamchezea shere.

Bintiye, wa pekee huyo, alikuwa ng'ambo hospitalini, anasubiri kupasuliwa moyo. Alikuwa ameahidi kumpigia mama yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, waonane uso kwa uso. Utauliza simu ya Mama Pasi ilikuwa wapi. Ilitumbukia kwenye beseni la maji ya wanga, ikafa na namba zote tumboni. Binti alipoona mama hapatikani, akamtuma rafiki yake aende na kompyuta. Rafiki akaja siku chache kabla, akaiunganisha na intaneti, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akaonyesha. "Ikilia, mama, unatelezesha kidole hapa kwenye kibao, chini ya herufi, mshale unakwenda kwenye duara la kijani, unagonga. Lile jekundu usiliguse, linakata."

"Ndiyo hilo tu?" Mama Pasi akasema. "Hilo nalo la kufundishwa?"

Rafiki akaondoka kurudi kwao. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakumjua Mama Pasi. Hakukijaribu kile kibao hata mara moja kwa mkono wake.

Basi ikalia. Picha ya binti ikajaa kiooni, anacheka, na chini yake maduara mawili. Mama Pasi akafuta mikono kwenye kanga, akaweka kidole, akatelezesha. Mshale haukutikisika. Akasugua. Akakandamiza mpaka meza ikalia. Wapi! Mshale umekaa tu, umejitia hamnazo.

Sasa, mtu wa pasi ya mkaa ana tabia yake. Kabla pasi haijagusa nguo, analamba kidole, anakigusisha chini ya chuma. Kikisema tsss, moto umekolea. Mama Pasi amefanya hivyo maisha yake yote, wala hajui kama anafanya. Alipoona mshale hauendi, mkono ukaenda mdomoni wenyewe, kidole kikarudi kwenye kibao kimelowa mate. Lo! Mshale ukaruka juu, ukashuka, ukakimbilia pembeni, ukalipita duara la kijani bila hata kulisalimia. Akaufukuza. Kompyuta ikanyamaza.

"Ewe Mola wangu," akasema, "si leo. Kesho nifanye utakavyo, lakini si leo."

Akajaribu kila alichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Labda ni vumbi la mkaa, akafuta kibao kwa shati la mteja, safi, ndiyo kwanza limetoka kupigwa pasi. Akatelezesha kidole kikavu. Kimya. Labda umeme umeizidi, akachomoa waya wa chaji. Kimya. Akaifunga, akaifungua. Akaipuliza. Akaipiga kofi ubavuni, halafu akaomba msamaha, akaipapasa. Alitamani kuizima aiwashe upya, ila aliogopa: je, ikikataa kuwaka? Na kutoka nje nako akaogopa, isije ikalia akiwa hayupo. Kinyozi alikuwa ukuta wa pili tu, mashine yake ya kunyolea inasikika, lakini juzi Mama Pasi alimtambia: "Mimi mwanangu ameniletea kompyuta, ninyi endeleeni kukodolea visimu vyenu." Utamrudia vipi mtu uliyemwambia hivyo?

Ikalia tena. Akatelezesha, mshale umelala. Akalamba vidole, safari hii viwili, akagusa. Mshale ukaanza wazimu wake. Akauona unaelea karibu na kijani, karibu kabisa, akagonga haraka kabla haujatoroka.

Ulikuwa umesharuka. Aligonga jekundu. Picha ikazimika.

Amemkata mwanawe. Mwanawe yuko kitandani anangoja kupasuliwa, naye amemkata kwa mkono wake mwenyewe. Majivuno yote yakamwisha hapo hapo.

"Kinyozi!" akapiga ukelele. "Kinyozi wee, nakufa!"

Kinyozi akaja mbio, mashine bado mkononi, na nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni na kichwa nusu kimenyolewa. Akaelezwa kwa maneno matatu manne na kilio. Akakausha kibao kwa aproni, akaweka kidole. Mshale ukatembea taratibu, ukasimama alipotaka.

"Mbona nzima hii, Mama Pasi?"

"Haiwezekani. Hebu nipishe." Akaweka chake. Mshale ukafa. Kinyozi akaweka chake, ukafufuka.

Kinyozi akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa sugu tupu, nyeupe, ngumu kama kwato, hazina hata mistari. "Dada yangu," akasema polepole, "haikusikii. Ngozi imekufa hapa. Ukiongeza mate ndiyo inachanganyikiwa kabisa."

Mama Pasi akaitazama mikono yake. Akaichukia. Mikono hii imemlea mtoto, imemsomesha, imemvusha bahari, na leo imeshindwa kumgusia duara tu. "Mpigie," akasema. "Tafadhali, ndugu yangu, mpigie wewe."

Kinyozi akapiga. Ikaita, ikaita, ikapokewa. Kiooni akatokea mkwewe, macho mekundu, yuko kwenye korido.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mpe simu mwenzio."

"Ameshaingia, mama. Sasa hivi tu, mlango ndiyo umefungwa."

Mama Pasi akashika meza.

"Alikuwa anakupigia yeye mwenyewe," mkwe akasema. "Ya kwanza haikupokewa. Ya pili alipoona umeikata, akasema, basi, mama ana wateja, tusimsumbue. Akanipa simu."

"Akasema nina wateja?"

"Ndiyo, mama."

"Alikasirika?"

Mkwe akafuta pua. "Hakukasirika, mama. Alinyamaza tu."

Yule mteja mwenye nusu kichwa akatazama chini. Mama Pasi akavuta kigoda, akakaa, uso umekaribia kioo.

"Baba, huo mlango uko wapi?"

"Huu hapa mbele yangu."

"Nigeuzie simu niuone. Na usikate, nakuomba. Mimi siwezi kuifungua tena."

Mkwe akageuza simu. Kiooni ukajaa mlango mweupe wa mabawa mawili, umefungwa, juu yake taa inawaka. Mama Pasi akauwekea kiganja chote.

"Sikukukata, mama," akauambia mlango. "Mwanangu, wallahi sikukukata."