Filtre yangu haivuji, muangalie wenyewe

Mukiona jeep yangu imesimama pale Nyawera, musiniulize kitu. Mucheke mara moja, tumalize.

Munajua niliitia hiyo jeep moteri ingine. Ile moteri iko munene, filtre ya mafuta ikakosa nafasi. Nikaihamisha, nikaifunga chini ya kiti ya mbele, na mipira mbili ndefu ya kupitisha mafuta.

Leo kisha ya misa nikatandika karto nyeupe, kipande ya boksi, chini ya gari, nikawasha, nikaita majirani.

"Muangalie! Hata tone moja!"

Kweli, karto ilikuwa kavu. Wakapiga makofi. Nikajiona enjenieri.

Mama mukwe akapanda mbele na bidon yake, kale kadumu ka plastiki, akaiweka kwa miguu, nimupeleke Kavumu. (Kwetu gari ikitoka, kila mutu iko na kamuzigo.)

Tone.

Tone ingine.

Palepale chini ya filtre!

Watu wakacheka mpaka wakashika tumbo. Mimi, na shati yangu ya misa, nikaingia chini, nikafungua mipira yote, nikafunga tena kwa nguvu zote za hasira.

Bado inavuja!

Mama mukwe akashuka, akainama, akachovya kidole, akalamba.

"Papa Nadine, hii ni mawese."

Ilikuwa bidon yake! Kifuniko ilikuwa mubovu, na sakafu ya jeep iko na matundu.

Tukatoa bidon. Nikatandika karto ingine, nikawasha kwa furaha.

Tone. Sasa ni nyeusi. Nilikaza sana, mupira umepasuka.

Mama mukwe akaniangalia kwa huruma:

"Na hii, nilambe?"