Kamba Mkononi, Mto Ohio Umefura

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Louisville, kapiteni alinipeleka kwenye kamba kabla hata ya kuniuliza kama najua kuogelea. Sikujua, mimi ni mtu wa milima ya Kivu Kusini. Boti yetu ilikuwa ya mbao, ya kizamani, yenye gurudumu kubwa la makasia nyuma, ikitembeza wageni na wanafunzi wa chuo kikuu mtoni. Kapiteni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinionyesha kigingi cha chuma kinachozungushiwa kamba. Alisema nisiikaze ghafla, maana boti nzito huikata kama uzi. Niiache iteleze hadi boti itulie. Na nisikanyage kamwe ndani ya duara la kamba.

Mwenzangu alikuwa Zabroni, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulikuwa majirani huko Shively, pembeni mwa jiji, tukisali kanisa moja.

Mwaka mmoja, baada ya theluji kuyeyuka, mto ulifura. Gogo likanasa kwenye gurudumu, gurudumu likasimama. Mkondo ukatubeba kuelekea ukuta wa bwawa, na nanga ikaburuzika juu ya mwamba bila kushika. Abiria wakashikilia kingo za boti. Mbele yetu ilibaki nguzo moja ya kufungia matishari ya mizigo.

“Tukiikosa hiyo, basi,” kapiteni alisema.

Zabroni akarusha kitanzi, kikashika. Nikaizungusha kamba kwenye kigingi, nikaiacha iteleze, ikitoa moshi. Ndipo nikaona mguu wake umo ndani ya duara, na duara linabana. Nikikaza, kamba itakatika na boti iende. Nikiachia iendelee kuteleza, itamkata mguu.

“Zabroni, mguu!”

Aliruka. Kamba ilimpiga kifundo, kikavunjika. Boti ikatulia.

Alipopona alihamia Gahanna, karibu na Columbus, akafanya kazi ya ghala. Mimi nilibaki, nikapanda cheo hadi kuwa msaidizi wa kapiteni, nikapelekwa Buffalo misimu kadhaa kwenye boti za mfereji, kisha nikarudi.

Siku niliyostaafu, Zabroni alikuja, akichechemea kidogo. Tulikaa gatini, akaniuliza alichokuwa hajawahi kuniuliza.

“Kaka, nisingeruka, ungekaza?”

Nyinyi vijana mnaoanza leo, kazi hii hufundisha mikono kabla ya moyo. Nilimwambia ukweli: mikono yangu ilikuwa bado inaachia kamba.



“Hata mimi ningeachia,” akasema. “Mle botini kulikuwa na watoto wa watu.”