Chumvi Iliyokuwa ya Vifaranga

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwenye kituo cha samaki cha Baraka nimevaa kitenge cha kanisani, maana nilidhani nitaketi bureau nikiandika karatasi. Chef, mkuu wa kituo, aliniangalia toka juu mpaka chini.

"We unajua kupima chumvi?"

"Ya mboga, chef?"

Hakucheka. Akamwita Rukema, msimamizi wa nyumba ya kuangulia mayai ya samaki, mutu wa milimani ambaye wazazi wake walikuwa wafugaji. "Fundisha huyu. Asiguse kitu kabla hajajua."

Ninyi vijana mnaofuga kambale leo mnanunua chakula cha unga ndani ya mfuko. Wakati wetu, kifaranga cha kambale kilichomaliza kiini cha yai lake kilitaka chakula chenye uhai, kinachochezacheza majini. Chakula hicho kilikuwa tududu twa chumvi, jamaa ya kamba wa baharini. Mayai yake yalikuja toka mbali, yamekauka ndani ya mikebe, ukidhani ni mchanga wa kahawia. Unayamwaga kwenye maji ya chumvi, ndani ya chupa kubwa ya plastiki iliyogeuzwa kichwa chini, unapuliza hewa kwa chini, unawasha taa. Kesho yake maji yanageuka rangi ya mawese: tududu tumetoka.

Shida ni kwamba ziwa letu ni maji matamu. Chumvi ilivuka toka Uvinza, ng'ambo ya ziwa, kwa mitumbwi ya mashine. Basi Rukema, ambaye nilimwita yaya, kama ndugu mkubwa, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu kikazi, alipanga mabeseni manne mezani. La kwanza maji ya ziwa tu. La pili chumvi kidogo. La tatu chumvi kama ya bahari. La nne chumvi nyingi mno. Akagawa tududu sawasawa.

"Usiniulize kitu. Angalia," aliniambia.

Katika maji ya ziwa tududu tulikufa siku ileile. Katika chumvi kidogo tuliogelea vizuri mwanzoni, halafu tukapungua kila asubuhi. Katika la nne tududu tuliishi, lakini tulibaki tudogo, tumedumaa, kwa sababu nguvu yote iliishia kupigana na chumvi. La tatu peke yake ndilo lililokuza tududu mpaka tukawa na miguu ya kupiga maji. Kiasi hicho cha chumvi ndani ya maji ndicho kinaitwa salinité, na Rukema hakuniruhusu kushika mukebe mpaka niweze kukipima bila yeye kusimama nyuma yangu.

Tulifanya kazi miaka mingi hivyo. Vifaranga wetu walikwenda Nundu, Swima, hata kwetu Lweba, na bamama walichimba mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba zao.

Halafu vita ikaingia. Redio na midomo ya watu ikaanza kusema kila mutu wa milimani ni adui. Sisemi uchungu ulikuwa wa upande mmoja: kwetu Lweba nyumba zilichomwa, na kaka yangu tulimzika bila kumwosha. Lakini Rukema hakuchoma nyumba ya mutu. Alikuwa kazini.

Commandant mmoja akaja kukaa kituoni na askari wake. Walileta ng'ombe waliowanyang'anya watu wa milimani, wakawachinja uani. Wakavunja stoo, wakabeba chumvi yetu yote kukaushia nyama. Rukema alikuwa dirishani pamoja nami. Aliangalia ngozi moja iliyotupwa karibu na ukuta, yenye alama ya moto kwenye paja.

"Ile ni ya baba," alisema.

Rukema hakumwona baba yake tena.

Chef alifika mchana. Alifunga mlango, akasema bila kukaa, "Rukema, nenda kwenu kwanza."

"Kwetu wapi, chef? Njia ya milimani imefungwa."

"Mi sikukuona leo." Akatoka.

Nilimfuata mjomba wangu, mvuvi wa Swima. Hakuuliza maswali. Saa ya askari kula, tulimlaza Rukema chini ya nyavu, mjomba akasukuma mtumbwi kuelekea ng'ambo. Kitu cha mwisho Rukema aliniambia kilihusu kazi: "Bila chumvi usifungue mukebe, Esta. Utaua bure."

Nilifungua. Vifaranga walikuwa tayari wameanguliwa, na njaa haingoji. Niliomba chumvi jikoni kwa majirani, ikafikia tu kiasi cha lile beseni la pili. Tududu tulitoka tuchache, tukaanguka chini ya chupa. Nilijaribu kiini cha yai la kuku, kikachafua maji. Kambale mwenye njaa hula ndugu yake; wakubwa walimeza wadogo wakiwa bado wazima, mikia ikitokeza mdomoni. Baadaye hata wakubwa walielea. Bamama wa Nundu walikuja na ndoo zao, wakarudi nazo tupu.

Vita ilipotulia chef alirudi, akapewa kituo kipya chenye rangi mpya. Rukema naye alirudi toka kambi ya wakimbizi ng'ambo, mwembamba, nywele nyeupe. Nilimpeleka bureau mimi mwenyewe.

Chef alimpa mkono. "Rukema! Mungu ni mwema. Lakini elewa, ndugu yangu. Kazi ni ya watu wa hapa kwanza. Watu bado wana hasira."

"Mi ni wa wapi, chef?"

Chef alipanga kalamu zake mezani. Rukema akasema asante, kwa adabu ileile, akashuka ngazi. Alikwenda Uvira, nikasikia aliuza mkaa huko, na huko alifia.

Mimi nilibaki. Nilikuwa na batoto wa kulisha, na sijui kama hiyo inatosha kuwa jibu. Siku yangu ya kustaafu walipanga viti, wakanunua soda. Chef aliniita mfano kwa vijana, akaniomba niseme neno la shukrani kwa wakubwa walionifundisha kazi.

Nilisimama. Nikasema, "Aliyenifundisha kazi ni Rukema." Nikalitaja na jina la baba yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikaa, nikanywa soda yangu yote, wakiniangalia.