Hiyo Sijakupa

Ukitaka kuujua ulimi wa rafiki yangu, mwache akufunze gofu. Ndiye aliyeniingiza katika mchezo huu, yeye daktari wa mifugo mjini Meru, mimi mwalimu wa kemia huku Kaaga, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniambia neno zuri uwanjani. Nikiinua fimbo, "Mwalimu, hapa si shamba, wacha kulima." Nikipiga hewa, anauliza kama nyoka nimemuua au ametoroka. Nami sikumbakishia. Alizaliwa Kiritiri, upande wa Embu, kwenye ukame na mbuzi, kwa hiyo kila mpira wake ulipotumbukia kwenye shimo la mchanga nilimwambia karibu nyumbani. Na kweli, mchangani alipiga vizuri kuliko sisi sote. Taabu yake ilikuwa nyasi.

Mwenzetu wa tatu ni matroni wa hospitali, mama wa Kianjai mwenye mkono mtulivu na maneno machache. Anapiga mpira, unaenda anakotaka, anaufuata polepole, kisha anatungoja huku sisi wanaume wawili tukipekua ua wa michongoma. Gofu yetu ni hiyo hasa: kutafuta. Umeamka alfajiri, umeacha ng'ombe na mke, halafu unashinda umeinama kwenye miiba ukitafuta kitu kidogo kuliko yai. Unarudi nyumbani umeapa kwamba basi, yametosha. Lakini asubuhi hiyohiyo kulikuwa na mpira mmoja, mmoja tu, uliopaa sawasawa, Mlima Kenya ukiwa nyuma yake, na mikononi hukusikia hata kishindo. Ni huo unaokusumbua wiki nzima. Ifikapo Jumatano najikuta darasani nimeishika rula ya ubao kwa mikono miwili, na wanafunzi wananitazama.

Kuna desturi moja ya gofu ambayo lazima niieleze. Mpira ukibaki karibu kabisa na shimo, kiasi kwamba hata mtoto angeuingiza, mwenzako anaweza kukwambia, "Nimekupa." Unauokota, unahesabiwa kama umeingia. Ni ungwana tu. Sisi wawili hatukuwa na ungwana huo. Hata ukibaki urefu wa kidole, ungesikia, "Weka chini. Hiyo sijakupa." Na mara nyingi, kwa vile umeshachekwa, uliukosa.

Rafiki yangu alikuwa na ndoto moja ambayo hakuificha: kumaliza mashimo tisa kwa mapigo yasiyofika hamsini. Miaka yote hiyo alikuwa anaishia hamsini na kitu, siku mbaya sitini. Aliwahi kufika hamsini kamili, akakaa kwenye gari nusu saa bila kuwasha injini.

Mwaka jana binti yangu alikuja nyumbani Jumapili moja, akatukalisha mimi na mama yake, akatuambia amepata mchumba. Mchumba mwenyewe alikuwa kijana wa rafiki yangu. Nilipiga simu pale pale, tukapigiana kelele za furaha hadi mke wangu akafunga mlango. Wazee wa pande mbili wakakutana, uji ukanywewa, maneno yakaenda vizuri, na mwisho wake tukaambiwa kwamba sasa sisi ni athoni.

Huku kwetu muthoni, yaani mkwe, si mtu wa mchezo. Humtanii, humcheki usoni, na ukikutana naye njiani unampisha. Upande wa Meru na upande wa Embu, kwa hili ni kitu kimoja. Mimi niliitikia kwa kichwa kama kila mtu. Sikufikiria Jumamosi, siku yetu ya gofu.

Jumamosi ikafika. Mpira wake wa kwanza ukaenda moja kwa moja michongomani. Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza.

"Pole, mkwe," nikasema. "Ni upepo."

Hakukuwa na upepo. Bendera ya shimo ilikuwa imelala.

"Asante, mkwe," akasema.

Tukaendelea hivyo. Nikilima, ananiambia nimejaribu sana. Akitumbukia mchangani, natazama viatu vyangu. Na tukaanza kupeana. Mpira ukibaki hatua moja, "Nimekupa, mkwe." Hatua tatu, "Chukua tu, mkwe." Kuna siku alinipa mpira ambao hata haukuwa umefika kwenye zile nyasi fupi za shimo. Matroni alivumilia wiki kadhaa, kisha akasimamisha begi lake.

"Nyinyi mnacheza ama mnalipa mahari?"

Mwezi wa pili wa heshima hiyo, rafiki yangu alimaliza na arubaini na saba. Matroni akajumlisha, akamwonyesha kadi. Aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni kama risiti ya duka. Nilijua ni kwa nini: mapigo mengi nilikuwa nimempa mimi. Baada ya hapo akaanza kukosa kuja. Mara kuna ng'ombe anazaa, mara kuna mkutano Embu. Sitaficha: nilimkosa mpaka nikaumia. Nilikuwa nimepata mkwe mzuri, na rafiki sikumwona tena.

Kisha akaja, Jumamosi moja ya asubuhi safi, na siku hiyo alicheza kama mtu mwingine. Ua haukumgusa. Kila alipokaribia shimo aliuingiza mpira mwenyewe, haraka, kabla sijapata nafasi ya kumpa. Tulipofika shimo la mwisho, mpira wake ulibaki umbali wa mkono, kutoka kiwiko hadi kidole.

"Hii ikiingia ni arubaini na tisa," matroni akasema kwa sauti ya wodini.

Rafiki yangu akanitazama. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, na mkwe mwenye adabu angelitoa. Lakini nilijua nikilitoa, angeondoka na zawadi yangu mfukoni, na ile arubaini na tisa hataipata maishani.

"Mkwe?" akauliza.

"Piga," nikasema.

Matroni akageuka kutazama mlima. Rafiki yangu akainama, akapiga. Mpira ukazunguka mdomo wa shimo, ukafikiria, ukabaki nje.

Alivua kofia. Akauingiza mpira kwa pigo la hamsini, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyoshikana athoni. "Asante, mkwe," akasema, akaondoka bila chai.

Nyumbani mke wangu hakuamini. "Umemnyima muthoni wako? Kwa sababu ya mpira? Na harusi bado?" Akataka nimpigie simu niombe msamaha. Niliishika simu jioni ile, na jioni iliyofuata. Ningemwambia nini? Kwamba samahani sikukudanganya? Niliogopa kwamba nimeharibu ya binti yangu pamoja na yangu, lakini sikupiga.

Jumamosi nilifika mapema kuliko kawaida, na yeye alikuwa amenitangulia. Alikuwa peke yake kwenye lile shimo la mwisho, amepanga mipira kulizunguka, yote umbali wa mkono, anaiingiza mmoja mmoja. Hakuinua kichwa.

"Mkwe wako nimemwacha nyumbani," akasema. "Wangu umekuja naye?"

Nikaliweka begi langu chini.

"Wako anakamua ng'ombe," nikasema.

"Akae hukohuko."

Matroni alipofika tukaanza. Mpira wa kwanza wa rafiki yangu ulipaa, ukakata kona, ukaingia kwenye michongoma ileile. Nikamuuliza kama tuagize mbuzi kutoka Kiritiri waje wausake. Akaniambia nipige wangu kwanza, kama jembe nimekuja nalo. Nikapiga, nikapiga tena, na tena, hadi mpira wangu ukatulia kando ya shimo, urefu wa kidole. Nikainama kuuokota.

"Weka chini," akasema nyuma yangu. "Hiyo sijakupa."

Nikauweka chini. Sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi namna hiyo, na kwa furaha yenyewe nikaukosa.