Rudrappa na Jiwe la Shambani Kwangu

Siku ya kwanza nilipomwona Rudrappa, alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe la shambani kwangu, amelikumbatia. Mkuu wa kijiji, Basavegowda, alikuwa amesimama kando yake na nyundo.

"Toka, mzee. Chini kuna dhahabu ya wafalme."

"Nani kakwambia?"

"Kama hakuna, mbona waliandika maneno yasiyosomeka?"

Kwetu tuliamini hivyo. Mawe mawili tulikwisha kuyapasua, hatukuambulia hata kigae.

Kazi ya Rudrappa ilikuwa kuzunguka vijijini akinakili maandishi ya mawe. Mabwana wa ofisini waliyachapa vitabuni kwa majina yao; yeye alibaki na mgongo mbovu. Aliomba saa moja tu. Akaliosha jiwe, akatandika karatasi iliyolowa, akaipigapiga kwa brashi mpaka ikazama ndani ya herufi, kisha akapaka wino. Herufi zikabaki nyeupe.

"Huku juu ni Kisanskriti, mfalme anajisifu," akasema. "Huku chini ni Kikannada, lugha yetu, ili wakulima waelewe."

"Mwongo! Utarudi peke yako na gunia, uibebe dhahabu!" mtu akapayuka.

"Basi asome mwenzenu. Nani kaenda shule?"

Wakanisukuma mimi, niliyeishia darasa la nne. Nilitamani ardhi inimeze. Herufi zilizonishinda alinitajia, nyingine nikazitambua mwenyewe. Nikasoma kwa kukwamakwama: bwawa la Hirekere, maji yake ni ya wote wanaolima chini ya tuta. Ng'ombe wetu wanakunywa Hirekere mpaka leo.

Mstari wa mwisho nikasita.

"Soma, Malleshi," akasema Rudrappa.

"Atakayelivunja jiwe hili... atakuwa funza wa kinyesi miaka elfu sitini."

Shangazi yangu Ningamma akaangua kicheko. "Gowda, weka nyundo, baba, tusije tukakukanyaga kichakani!"

Basavegowda naye akacheka, shingo upande, akaiweka.

Tangu hapo Rudrappa alipita kwangu kila baada ya mavuno. Tulikula ugali wa ulezi, akanifundisha herufi za kale.

Mwaka jana nilimkuta kwake, kitandani. Nikamweleza kwamba watu wa kijiji cha ng'ambo ya kilima wamefukua jiwe na wanatafuta nyundo. Akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Nenda wewe," akasema. "Karatasi iloweke vizuri. Na ukisoma, mwanangu, usinong'one."